Nimerudi kwenye Spectrum ya mjomba, waliowahi kuzishika hizi mashine njooni hapa

#1 mleta uzi (Magomeni)

Wakuu habari za Jumapili. Uzi utakuwa mrefu, asiye na muda apite tu tutaonana kwenye nyuzi za mpira.

Mwezi uliopita tulikuwa tunatoa vitu vya mama ndani ili fundi abadilishe bati, sasa uvunguni kikatoka kile kisanduku cha bati cha shule, cha bluu chenye kufuli, waliosoma bweni mnakijua. Juu vitenge, chini ya vitenge magazeti ya zamani, ndani ya magazeti mashine nyeusi ukubwa wa kaunta buku, vitufe vya mpira vya kijivu, na kwenye kona mistari minne ya rangi, nyekundu, njano, kijani na bluu mpauko. Nikakaa sakafuni hapo hapo. Fundi akaniuliza bosi vipi, presha?

Ni ZX Spectrum 48K, kompyuta ndogo ya kuchomeka kwenye TV. Ya mjomba. Mara ya mwisho kuigusa ilikuwa 1999, nikaenda chuo, huko nikakutana na kompyuta zenye Windows nikaona hii ni mdoli wa watoto. Nikaisahau, yani nikaisahau kabisa, na mimi ndo nilikuwa mtoto ambaye analala nayo pembeni ya mto mpaka mama anakuja kuitoa usiku.

Kwa wasioijua, ilitoka Aprili 1982 kule Uingereza, kampuni ya Clive Sinclair, baadaye akawa Sir, amefariki Septemba 2021. Zilikuwa zinaunganishwa Dundee kwenye kiwanda cha Timex. Ya 48K ilianza kuuzwa pauni 175, enzi hizo kompyuta ni kitu cha mabenki, ndo maana mtu wa kawaida kule aliweza kuinunua, na ndo maana mwanafunzi wa Kibongo anayejinyima nauli aliweza kurudi nayo. Mjomba alirudi 1986. Sasa kumbukeni huku kwetu serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta na TV tangu 1974, mambo yalikuja kulegea taratibu, yeye aliipitishaje ukimuuliza anacheka halafu anauliza chakula bado? TV ilikuwepo, chogo ya inchi 14, na Bara hatukuwa na kituo mpaka 1994 kwa hiyo tulikuwa tunanasa TV Zanzibar kwa antena iliyofungwa juu ya mwembe, upepo ukivuma picha inaondoka na mwembe. Ile TV ilikuwa na kazi tatu tu duniani: Zanzibar, deki ya kuazima, na Spectrum.

Unawasha, skrini inakuwa nyeusi kidogo, halafu nyeupe, chini kabisa maandishi madogo © 1982 Sinclair Research Ltd. Basi. Hakuna kingine. Inakusubiri wewe. Ukibonyeza J haiandiki J, inaandika LOAD neno zima, P inaandika PRINT, O inaandika POKE. Kiingereza changu cha kwanza nimekipata pale, ticha darasa la tatu aliuliza nani anajua neno linaloanza na P, wenzangu wakasema pen, mimi nikasema POKE. Nikachapwa maana alidhani namtukana.

Shida zangu sa hivi. Adapta yake haipo, ila ninayo ya ruta ya intaneti imeandikwa 9V na plagi inaingia vizuri kabisa, nichomeke? Na ndani ya sanduku kuna kaseti 11 (hii mashine programu zake zinahifadhiwa kwenye kaseti za kawaida, kama sauti), moja ina mwandiko wa mjomba kwa kalamu nyekundu, DUKA USIFUTE. Hiyo ndo naitafuta, nitawaambia kwa nini.

#2 (Kinondoni)

Chai. Kompyuta Magomeni mwaka 1986 wakati sisi tunapanga foleni ya sukari. Weka picha.

#3 (Temeke)

Mleta uzi USICHOMEKE. Narudia usichomeke. Mimi ni fundi wa redio na TV tangu enzi za balbu, hizo Spectrum nimezifungua mbili tu maishani ila hilo somo sijalisahau. Adapta za ruta karibu zote katikati ya plagi ni chanya na nje hasi. Spectrum ni kinyume, katikati ni HASI. Ukichomeka hiyo ya ruta umeiua, tena utasikia harufu kabla hujaona kitu. Tafuta adapta ya volti 9 yenye uwezo wa kuanzia ampea 1.4, kata waya, geuza, pima na mita kabla ya kugusa mashine. Ukipata ile ya zamani yenye transfoma ya chuma ndani usishtuke mita ikisoma 12 au 13 bila mzigo, ndo zilivyo, ndani ya mashine kuna regyuleta ya 7805 inashusha mpaka 5.

#4 (Upanga)

Wee fundi Temeke umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa na Commodore 64, kompyuta nyingine ya enzi hizo, hiyo ya kwao adapta ndo sumu yenyewe. Ile tofali la adapta limejazwa gundi ngumu ndani, halifunguki wala halipozi, likizeeka ile volti 5 inapanda kimya kimya mpaka 6 na kuendelea, wewe unacheza gemu hujui kwamba chipu za memori zinakaangwa. Yangu ilikufa hivo, skrini nyeusi, mpaka leo iko kabatini. Spectrum na mashabiki wake mna bahati kwenye umeme ila kwenye sauti msitutanie, sisi tulikuwa na chipu ya SID sauti tatu kwa wakati mmoja, nyie mna BEEP 😂

#5 mleta uzi

Fundi Mungu akuweke. Nilikuwa nimeshaishika plagi mkononi.

Mkuu wa Upanga BEEP moja ilitosha kuamsha nyumba nzima, hatukuhitaji tatu.

#7 (Mbezi)

Braza mimi ni dogo wa 2001 naomba niulize bila ugomvi. Kwa nini usishushe tu emuleta kwenye simu, ile programu inayoiga mashine ya zamani? Ipo bure, gemu zote zipo, haunuki risasi ya kuchomelea, na ukitaka kitufe cha mpira mwaka 2024 wametoa mpya kabisa inaitwa The Spectrum inachomekwa HDMI. Unahangaika na nini?

#8 mleta uzi

Swali zuri dogo wala sio ugomvi. Emuleta ninayo, niliishusha siku ile ile usiku. Nilicheza dakika kumi nikafunga. Gemu sio nilichokuwa nakitafuta.

Ngoja nieleze hivi. Simu yako ina memori ya gigabaiti ngapi, nane? Hakuna mtu mmoja anayejua kila kinachoendelea humo, hata walioitengeneza. Spectrum ina kilobaiti 48 na nyingine 16 za kudumu zenye BASIC (lugha ya kuandikia programu), prosesa ya Z80 inakwenda megahezi 3.5, picha ni nukta 256 kwa 192 na skrini nzima inakaa kwenye baiti 6,912. Mtoto wa miaka 11 anaweza kuijua YOTE. Nilikuwa najua kwamba POKE 16384,255 inachora kistari kwenye kona ya juu kushoto, kwa sababu hapo ndo skrini inapoanzia, na nilijua bila mtandao, kwa kujaribu na kwa kile kitabu chake cha maelekezo. Mimi sa hivi nafanya kazi ya mifumo ya ofisi miaka 18, na kila siku nagusa vitu ambavyo sivielewi mpaka chini. Nimechoka hiyo hali, ndo ukweli wenyewe.

Na ya pili, kaseti ya mjomba haipo kwenye emuleta yoyote. Ipo moja tu duniani ninayo hapa mezani.

#9 (Mbezi)

Nimekuelewa mkuu. Naweka kambi.

#12 mleta uzi

Mrejesho wa kwanza. Adapta tayari, nimeigeuza, nimepima mara nne kama mtu anayepima sukari ya mgonjwa. TV nimeazima chogo kwa kinyozi wa mtaani aliyehamia flati. Vijana mjue Dar ilizimwa matangazo ya analojia usiku wa kuamkia 2013 lakini chogo yenyewe bado inanasa, Spectrum inatoa mawimbi yake yenyewe chaneli 36 ya UHF, unaitafuta tu na kile kitufe cha kutafutia kama zamani. Na bahati nzuri chogo zetu na za Waingereza zote ni za PAL (mfumo wa rangi wa TV) na umeme ni ule ule wa hezi 50, kwa hiyo hakuna cha kubadilisha.

Nikawasha. TV ikaonyesha mistari ya wima ya rangi, imetulia tu, hakuna maandishi. Moyo ukazama. Kuna harufu yoyote? Hakuna. Inapata moto? Kile kipande cha bati juu ya 7805 kinachoma, lakini kilikuwa kinachoma tangu zamani, tulikuwa tunaweka juu yake kitambaa kibichi, ujinga mtupu.

#13 (Temeke)

Usikate tamaa, mistari ni dalili nzuri kuliko weusi. Hapo kuna memori mbili tofauti, 16 za chini na 32 za juu. Zile za chini ni chipu nane aina ya 4116 na hizo zina tabia mbaya, zinataka umeme wa aina tatu kwa pamoja. Chukua mita, waya wake mweusi kwenye mguu wa 16 wa chipu (hiyo ni ardhi), halafu pima mguu wa 1 upate hasi 5, mguu wa 8 upate 12, mguu wa 9 upate 5. Kimoja kikikosekana usitafute mchawi. Na wakati imewaka gusa kila chipu kwa kidole taratibu, inayounguza kuliko wenzake ndo imekufa.

#14 (Kinondoni)

Mimi niliyesema chai nimesoma mpaka hapa, naomba nifute kauli. Endelea mkuu.

#15 mleta uzi

Mguu wa 9 umesoma 5.02. Mguu wa 1 karibu sifuri. Mguu wa 8 umesoma 4 na kitu badala ya 12. Chipu zote vuguvugu, hakuna ya kuunguza.

#16 (Temeke)

TR4. Transista ndogo karibu na koili. Ndo inayozalisha ile 12, ikifa na hasi 5 inakufa nayo maana zinazalishwa pamoja. Original ni ZTX650, mbadala wake mzuri ni ZTX651. USIWEKE zile transista za redio za mia mia, haitabeba itakufa siku ya kwanza na inaweza kuondoka na chipu. Kariakoo sidhani kama utaipata ila jaribu.

#18 mleta uzi

Nimezunguka Kariakoo Jumamosi nzima, Aggrey, Likoma, Narung'ombe, mpaka miguu imevimba. Kila duka naonyesha karatasi niliyoandika ZTX651, ananiambia hiyo hatuna ila kuna hii ya amplifaya inafanana. Inafanana! Mzee mmoja dukani akavaa miwani akaisoma akasema kijana hii nimeisikia mara ya mwisho nikiwa na nywele.

Halafu hapo hapo nikafanya kosa la kijinga. Fundi wa simu mmoja (simtaji, na wala sio mtu mbaya) akasema niachie niifungue nione. Kabla sijasema taratibu ameshafungua skrubu na kuinua mfuniko kwa nguvu kama anafungua sufuria. Waliowahi kufungua hizi mashine wameshajua. Kibodi ipo kwenye mfuniko, na inaunganishwa na bodi kwa tepe mbili za plastiki nyembamba, moja ina njia 8 nyingine 5, nane mara tano ndo vitufe 40. Plastiki ya miaka 40 kwenye joto na chumvi ya Dar inakuwa kama papadi. KWAA. Ile ya njia 8 imekatika pale pale inapoingia kwenye bodi.

Nililipa buku tano ya kufungua nikaondoka.

#19 (Upanga)

Pole sana. Ila kuna mbinu, kama imekatika karibu na ncha unaweza kukata sentimita moja kwa mkasi mkali ukaichomeka tena, zinakuwa na urefu wa ziada kidogo. Haitadumu ila itakupa siku mbili tatu. Halafu agiza mpya, kuna watu Uingereza wanazitengeneza hadi leo.

#20 mleta uzi

Nimejaribu mkuu ikakatika tena nikaiacha. Nimeagiza utepe mpya na ZTX651 kumi (kumi kwa sababu bei ya moja na ya kumi zinakaribiana na mimi ni Mswahili). Shemeji yupo Manchester anakuja mwisho wa mwezi, atabeba. Uzi unalala kidogo.

#21 (Mbagala)

Wakati tunasubiri, kuna mtu anakumbuka zile gemu za TV za miaka ya tisini zenye kibodi? Mchina aliipa umbo la kompyuta kabisa, kaseti ya gemu imeandikwa gemu 9999 ila ni zile zile nne zimebadilishwa rangi. Yangu ilikuwa na BASIC kwenye ile kaseti. Niliandika programu ya kusema HABARI BABA nikamwita baba aje aone, alivyofika umeme ukakatika. Haikuwa na pa kuhifadhi chochote. Mpaka leo baba anaamini nilimdanganya.

#22 (Kinondoni)

😂😂😂 hii ndo sababu naipenda hii jukwaa

#26 mleta uzi

IMEWAKA.

Shemeji ameshuka Ijumaa na kibahasha. Jumamosi asubuhi nimechomoa TR4 ya zamani, nimesafisha matundu, nimechomelea mpya, mkono unatetemeka maana pasi ya kuchomelea sijashika tangu nioe. Mguu wa 8, volti 12. Mguu wa 1, hasi 5. Nikachomeka utepe mpya polepole nikiwa nimeshika pumzi. Swichi. Nyeusi... nyeupe... © 1982 Sinclair Research Ltd.

Mke alikuwa jikoni anasema niliita jina la Mungu kwa sauti mpaka akaacha kitunguu.

Nikapima kama memori ya juu ni nzima, PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733, ikijibu 32767 ujue umebaki na 16K tu. Imejibu 65535. Zote zipo wakuu. Na kilichonishangaza, hiyo amri sikuitafuta popote, vidole viliiandika vyenyewe. Nimesahau namba ya simu ya mke wangu ila hiyo ipo.

#27 (Temeke)

Nimefurahi kama ni yangu. Hongera fundi.

#29 mleta uzi

Sasa kaseti. Kwanza nilijaribu gemu moja kwa njia ya kisasa, unacheza sauti ya programu kutoka kwenye simu, kebo inaingia tundu la EAR. Sauti weka mwisho kabisa, zima vikorombwezo vyote vya besi. Nikaandika LOAD "" nikabonyeza pleya, pembeni ya skrini mistari minene nyekundu na bluu mpauko inatembea, ule mlio mrefu, kisha inabadilika mistari myembamba ya bluu na njano, mlio kama nyuki ndani ya kopo. Dakika ya nne, bado kidogo kabisa imalize, simu ikalia ti-ting. Mtu wa grupu la harusi ameandika "amina".

R Tape loading error, 0:1

Kwa wasiojua, lile "amina" liliingia kwenye data kama data. Mashine haijui tofauti. Weka simu kwenye hali ya ndege jamani.

#30 (Mbezi)

Nimecheka mpaka konda kaniangalia

#33 mleta uzi

Haya sasa, DUKA USIFUTE. Nilisema nitawaambia.

Mjomba miaka ile alikuwa na kiduka Mapipa, unga, mafuta ya taa, sabuni za vipande. Mikopo ya mtaani ikamzidi. Akaandika programu ya kutunza madeni, yani mwaka 1988 huko mtaa mzima unatumia daftari lenye mafuta ya taa, yeye jioni anarudi na vikaratasi anakaa mbele ya chogo anaingiza nani kakopa nini. Mimi nilikuwa namsomea vikaratasi. Sehemu ya kupanga majina nilimsaidia kuandika mimi, au labda alinifanya niamini hivo. Ndo programu ya kwanza ninayoikumbuka maishani na mjomba mwenyewe ana miaka 71 sa hivi yuko Kigamboni.

Nimechukua redio kaseti ya mama. Utepe ulikuwa umelegea nikauzungusha kwa kalamu ya Bic. Mara ya kwanza hakuna kitu, mlio unasikika kama uko ndani ya pipa. Kuna skrubu ndogo pembeni ya kichwa cha kusomea, unaizungusha kidogo kidogo kwa bisibisi huku unasikiliza mpaka mlio uwe mkali unaochoma sikio. Zungusha, rudisha, LOAD "". Mara ya tano hivi skrini ikaandika

Program: duka

Mmeiona hiyo? Jina lake. Alichoandika yeye 1988. Nikakaa kimya kabisa. Data ikaanza, bluu na njano, sekunde moja, tano, kumi... halafu kwenye spika ikatoka sauti ya mwanamke analia, "Sina pa kwenda mimi, sina pa kwenda!"

Mchezo wa redio. Mtu alirekodi mchezo wa redio katikati ya DUKA USIFUTE.

R Tape loading error.

#34 (Kinondoni)

Hapana bana. HAPANA.

#35 (Upanga)

Mkuu tulia. Kaseti imefutwa kuanzia katikati, sio mwanzo. Spectrum inakataa yote kwa sababu mwisho wa kila furushi kuna baiti ya kuhakiki, isipolingana inatupa kosa, lakini haina maana kwamba zile sekunde kumi za kwanza ni mbovu. Toa waya kwenye tundu la hedifoni la redio uingize kwenye laptop, rekodi kama faili la sauti la WAV. Ukiikuza utaona mawimbi kwa macho, mafupi ni 0, marefu mara mbili yake ni 1. Kasi ni kama biti 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde kumi una karibu baiti elfu mbili. Hizo ni mistari kibao ya BASIC. Nitumie faili nikusaidie kuichambua, nina mfupa wa kutafuna wikiendi hii.

#36 mleta uzi

Nimekutumia. Sijalala vizuri.

#39 (Upanga)

Nimetoa mistari 54. Zipo safi. Menyu yake ni ya adabu sana, inasema KARIBU BWANA DUKA. Mwisho wake kabla redio haijaingia ni hapa:

510 DATA "MAMA CHAPATI",350
520 DATA "FUNDI BAISKELI",120
530 DATA "MWALIMU",800
540 DATA "KONDA",95
550 DATA "DADA",1

Baada ya hiyo 1 ni takataka, ndo mwanamke anaanza kulia.

#40 (Kinondoni)

Mwalimu 800! Ndo yule aliyekuchapa kwa ajili ya POKE?

#41 mleta uzi

Wakuu subirini kidogo.

Mjomba ana dada mmoja tu. Dada yake ni mama yangu. Na redio kaseti ni ya mama. Na michezo ya redio mama alikuwa hakosi hata mmoja, akiwa na mgeni anarekodi asikilize usiku.

#42 (Mbagala)

UWIIII 😂😂😂😂

#43 (Mbezi)

Mama kafuta deni. Mama kafuta deni lake kwenye kompyuta mwaka 1988. Huyu ndo haka (mdukuzi) wa kwanza Tanzania.

#44 (Temeke)

Sasa lakini 1 inaweza kuwa shilingi moja, tusimsingizie mama wa watu.

#45 (Upanga)

Hapana fundi, inahesabika. Kila mstari wa BASIC kwenye Spectrum unaanza na baiti mbili za namba ya mstari, kisha baiti mbili za UREFU wa mstari, na hizo zilisomeka kabla redio haijaingia. Neno DATA ni baiti 1. Namba inaandikwa mara mbili, tarakimu zake halafu baiti 6 za siri ambazo huzioni kwenye skrini. Na mwisho ENTER, 1.

Jaribuni na mstari wa 510: DATA 1, jina na alama zake 14, mkato 1, tarakimu 3, siri 6, ENTER 1, jumla 26. Kwenye kaseti urefu umeandikwa 26. Sawa?

Mstari wa 550: DATA 1, "DADA" 6, mkato 1, siri 6, ENTER 1, hiyo ni 15 bila tarakimu. Kwenye kaseti urefu ni 19. Tarakimu nne. Inaanza na 1.

Kwa hiyo mama alikuwa anadaiwa si chini ya 1,000 na si zaidi ya 1,999. Anaongoza mtaa mzima, hata mwalimu kamuacha.

#46 (Kinondoni)

Mahakama imepokea ushahidi.

#51 mleta uzi

Mrejesho wa mwisho kwa leo. Jana nimempeleka mjomba Magomeni, tumepanda pantoni na begi nimelipakata kama mtoto. Nimeweka chogo sebuleni, nimempa ile mistari 54 imekwishaandikwa ndani. Akavaa miwani akaisoma yote kimya. Halafu akaanza kuandika mstari wa 560 bila kuuliza, kidole kimoja kimoja, anabonyeza D akijua kabisa inatoka wapi DATA (iko kwenye D ila kwa shift mbili kwanza, mimi nilikuwa nimesahau, yeye hapana). Alifika 640 akasimama, akasema hapa palikuwa na sehemu ya kupanga majina, hii uliandika wewe. Kwa hiyo ilikuwa kweli.

Nikamwita mama. Nikamwonyesha mstari wa 550. Akausoma, akamwangalia mdogo wake, akasema nilishalipa.

Mjomba akasema lini?

Mama akasema ule mchezo uliishaje, umeurekodi mpaka mwisho au ulikatika?